Samaki kumi na wawili usiku mmoja: kisa cha tangi la Kigamboni na maji ya RO

Watu wakisikia samaki wamekufa kwenye maji ya RO, yaani maji yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaochuja karibu kila kilichoyeyuka, wazo la kwanza ni kwamba mashine ni mbovu au ni feki. Katika kisa hiki mashine ilikuwa nzima na ilifanya kazi yake kuliko mwenyewe alivyotarajia. Samaki walikaa wiki sita wakila na kufukuzana kama kawaida yao. Wiki ya saba wakaanza kupanda juu kutafuta hewa. Mwenye tangi akawabadilishia nusu ya maji jioni ileile, na kulipopambazuka kumi na wawili kati ya kumi na tisa walikuwa wanaelea. Walikufa baada ya kusaidiwa, na maji waliyosaidiwa nayo ni yaleyale waliyoishi ndani yake mwaka mzima kabla mashine haijanunuliwa.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, na mwenye tangi naye alichanganyikiwa.

Ni mzee mstaafu, anaishi Kigamboni, Dar es Salaam, upande wa karibu na bahari. Tangi lake ni la lita 240. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 200. Samaki wote ni mbuna, wale wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa buluu wenye milia. Maji ya nyumbani yanatoka kwenye kisima cha kuchimba, pampu inayapandisha hadi kwenye simtanki. Kama visima vingi vya ukanda ule, yana chumvi ya kuonja mdomoni. Sabuni haitoi povu, sufuria ya chai ina ukoko mweupe, na kioo cha tangi kilikuwa na mstari wa chokaa pale maji yanapoishia. Mita ya TDS, yaani kipimo cha jumla ya vilivyoyeyuka majini kwa miligramu kwa lita, ilisoma 1,900.

Mashine ilinunuliwa kwa ajili ya kunywa, na kwa kunywa ilikuwa uamuzi mzuri. Ni ile ya kawaida ya chini ya sinki: chujio la takataka, machujio mawili ya kaboni, pampu ndogo ya kuongeza msukumo, utando wenyewe, na mwishoni kichujio kidogo ambacho fundi alikisifia sana kwamba “kinarudisha madini”. Maji yaliyotoka yalisoma 45 kwenye mita. Kutoka 1,900 hadi 45 ni kuondoa karibu asilimia 98 ya kilichoyeyuka, na utando mzuri wa nyumbani ndivyo unavyotakiwa kufanya. Fundi akamwambia mzee kwamba kwa maji haya hata samaki watamshukuru.

“Kijana wangu,” mzee aliniambia nilipofika, “maji yale nakunywa mimi, wanakunywa wajukuu. Samaki ana nini cha kulalamika?”

Swali ni la haki. Mtu akinywa maji yasiyo na madini, madini yake anayapata kwenye chakula, na damu yake haiguswi na bilauri aliyonywea. Samaki anaishi ndani ya maji. Matamvua yake yanabadilishana chumvi na maji kila sekunde. Pamoja naye kuna bakteria wa kwenye chujio wanaokula uchafu wake, na hao ndio walioanza kuumia.

Utando wa RO haubagui. Pampu inasukuma maji, maji yanapenya, na karibu kila kilichoyeyuka kinabaki upande wa pili na kwenda kumwagwa. Chumvi ya bahari inaondoka, ndiyo, lakini kalsiamu na magneziamu vinaondoka nayo, na baikaboneti pia. Hewa ya ukaa (kaboni dioksaidi) ndiyo inayopita bila shida, kwa hiyo maji ya RO yakitoka tu mara nyingi yana uchachu kidogo. Baikaboneti ndiyo inayopimwa kwa herufi KH kwenye vifaa vya kupimia maji ya samaki. Ni akiba inayomeza asidi. Ikiwepo, pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) inatulia mahali pake. Ikiisha, asidi yoyote inayozalishwa ndani ya tangi inaishusha pH moja kwa moja.

Na tangi la samaki linazalisha asidi kila siku. Samaki anakula protini na kutoa amonia. Bakteria wanaigeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitrati, na katika kazi hiyo kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia inakula takribani miligramu 7 za akiba hiyo, ukiihesabu kama kalsiamu kaboneti. Mzee alikuwa anawapa kama gramu mbili na nusu za chakula kwa siku. Chukua protini ya asilimia 40, chukua kwamba nusu ya nitrojeni yake inatoka kama amonia, piga hesabu kwa lita 200: tangi lilikuwa linapoteza karibu digrii moja ya KH kila wiki. Kisima chake kina KH ya 14. Kwa maji ya kisima peke yake, akibadilisha robo ya maji kila wiki, akiba ilikuwa inajazwa upya kabla haijapungua kiasi cha kudhuru. Ndiyo maana mwaka mzima hakuna kilichotokea.

Kisha akaanza kubadilisha robo ile kwa maji ya mashine. Sasa kila wiki digrii moja inaliwa na bakteria, na robo ya kilichobaki inatolewa na ndoo, bila kurudishwa chochote cha maana. Kutoka 14 unafika kwenye 9 na ushee wiki ya kwanza, 6 na kitu wiki ya pili, kisha 4, kisha 2. Wiki ya tano au ya sita hakuna kitu. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inakwenda sambamba na alichokiona mzee.

Kile kichujio cha madini hakikuweza kuzuia hili. Kazi yake ni ladha: maji yapite juu ya punje za kalsiti, yachukue kidogo, yasiwe makavu ulimini. Nilipopima maji baada ya kichujio hicho, tone la kwanza tu la dawa ya KH liligeuza rangi. Kwa wasiojua kipimo hiki: unaweka mililita chache za maji kwenye kichupa, unadondosha dawa tone kwa tone na kutikisa, rangi inaanza buluu, na tone linaloigeuza kuwa njano ndilo digrii yako. Maji ya kisima yalikwenda matone kumi na manne kabla ya kugeuka. Maji ya mashine yaligeuka hapohapo. Mzee alisimama pembeni akihesabu kwa sauti, na baada ya hapo sikuhitaji kumweleza mengi.

Alichokuwa anakipima yeye ni TDS tu, kwa ile mita ya kalamu aliyopewa bure na fundi. Na mita ilimpa habari njema kila wiki: 1,900, 1,450, 1,100, ikaendelea kushuka hadi karibu 400. Alikuwa amesoma mahali kwamba Ziwa Nyasa lina chumvi kidogo, kwa hiyo aliona anakaribia ziwani. Kuhusu ziwa alikuwa sahihi. Upitishaji umeme wa maji ya Nyasa uko kati ya maikrosimensi 210 na 285 kwa sentimita, kidogo kuliko wengi wanavyodhani kuhusu mbuna, na pH yake ni 7.7 hadi 8.6. Lakini sehemu kubwa ya hicho kidogo ni baikaboneti, kama digrii 6 za KH, na kalsiamu na magneziamu vinatosha kufanya GH (ugumu wa maji) ya 4 hivi. Mia nne za mzee zilikuwa mabaki ya chumvi ya bahari pamoja na nitrati. Mita ya TDS inapima umeme unavyopita majini, haisemi unapitishwa na nini. Kwangu mimi, mtu mwenye mita ya TDS bila kichupa cha KH ana nusu ya kipimo, na ni ile nusu inayodanganya.

Sasa twende kwenye usiku wenyewe.

Bakteria wa chujio wanapunguza kasi sana pH ikienda chini ya 6.5, na chini ya 6 wanakaribia kusimama. Kwa hiyo pH iliposhuka, amonia ikaanza kurundikana bila wa kuila. Lakini samaki hawakufa kwa amonia hiyo, na hapa kuna kemia inayofaa kueleweka na kila mwenye tangi. Amonia majini ina sura mbili: moja ina chaji na haipenyi kirahisi kwenye matamvua, nyingine haina chaji na ndiyo sumu. pH ndiyo inayoamua kila sura ipate fungu gani. Kwenye joto la nyuzi 28, kama lile la sebule ya Dar, pH ya 6 inaacha chini ya asilimia 0.1 kuwa sumu. Kwenye pH ya 8 fungu hilo linafika kati ya asilimia 6 na 7.

Asubuhi ya siku ile mzee alijaza chupa ya maji ya tangi akaipeleka dukani. Walichovya karatasi ya kupimia, wakaona pH iko chini sana, wakamwambia abadilishe maji. Karatasi ile haikuwa na kipande cha amonia. Ushauri wa kubadilisha maji mara nyingi ni mzuri, na mzee akautekeleza kwa mantiki isiyo mbaya: maji ya mashine yamekuwa na asidi, ya kisima yana pH ya 8, samaki wameyazoea tangu zamani, basi nusu kwa nusu.

Chupa ile ilibaki juu ya friji, na ndiyo iliyonipa jibu. Niliipima kesho yake: pH 5.6, KH sifuri, na rangi ya amonia ilikaa kati ya kibandiko cha 4 na cha 8, tuseme miligramu 6 kwa lita. Kwenye pH ile, amonia yenye sumu ilikuwa chini ya miligramu 0.002 kwa lita. Samaki walikuwa wanateseka na asidi, lakini sumu ilikuwa imefungiwa. Baada ya kubadilisha nusu, amonia yote ilipungua hadi 3. Ila pH ilipanda hadi 8, na sehemu yenye sumu ikawa karibu 0.2. Amonia ilipungua nusu, sumu ikaongezeka zaidi ya mara mia, ndani ya muda wa kumwaga ndoo kadhaa. Ongeza hapo TDS iliyoruka kutoka 400 hadi zaidi ya 1,100 kwa mkupuo, na samaki ambao matamvua yao yalishachomwa na asidi. Waliobaki saba walikuwa wakubwa zaidi, isipokuwa mmoja.

Kwa hiyo kulikuwa na matatizo mawili, na kila moja lilikuwa na saa yake. La kwanza lilichukua wiki sita na halikuua. La pili lilichukua usiku mmoja, na bila la kwanza lisingekuwepo.

Kingefanyika nini jioni ile? Kwanza kuacha kulisha. Pili, na hili linawashangaza watu, kubadilisha maji kwa maji ya mashine yaleyale, robo leo, robo kesho, ili amonia ipungue huku pH ikibaki chini. Amonia ikishashuka vya kutosha ndipo unarudisha KH taratibu, digrii moja kwa siku, bakteria waamke na pH ipande pamoja nao. Ukiwa na dawa ya kufunga amonia unaitia kwanza. Kwa macho tangi litaonekana bado liko vibaya kwa siku mbili tatu, na subira hiyo ndiyo ngumu, hasa kwa mtu anayewaona samaki wake wanahema.

Wale saba tuliwaacha kwenye maji waliyokuwamo, kwa sababu kuyabadilisha tena kwa kasi kungekuwa pigo la tatu, tukatia dawa ya kufunga amonia. Kisha tukapanga maji ya kudumu.

Mzee alitaka kuitupa mashine kabisa kwa upande wa samaki. Nilimpinga. Kwa TDS ya 1,900 ya chumvi ya bahari, RO ina maana, kwani mbuna wanavumilia lakini maji yale yako mbali mno na ziwa lao. Angekuwa na maji ya mto yaliyotibiwa, ya bomba, ningemwambia aitumie kwa kunywa tu, atoe klorini kwenye maji ya samaki na kuongeza KH kidogo, basi. Kumwaga lita tatu za maji ili upate moja, halafu uanze kurudisha ulichokitoa, si jambo la kufanya kama huna sababu.

Mchanganyo tuliofikia kwa lita 50 za kila wiki ni huu: lita 43 za mashine, lita 7 za kisima. Hapo TDS inakuwa kama 305, na KH karibu 2. GH inatosha, maana kisima ni kigumu kupita kiasi. KH ndiyo pungufu, na inapandishwa kwa bekingi soda ya dukani: gramu 3 kwa kila lita 100 zinapandisha digrii moja. Kutoka 2 hadi 6 kwa lita 50 ni gramu 6, kijiko cha chai kimoja na robo hivi, iyeyushwe kwanza kwenye jagi. Mita baada ya hapo inasoma karibu 400. Namba ni ileile iliyokuwa kwenye tangi siku ya msiba, na mzee aliligundua hilo kabla sijamwambia.

Nasema bekingi soda, si bekingi poda yenye asidi na wanga ndani yake. Na si magadi ya jikoni, ingawa jirani mmoja aliyapendekeza kwa nguvu na wako wengi wanaofikiri hivyo. Magadi yana kaboneti kali inayopandisha pH kwa kishindo, na mara nyingi yana floridi. Yabaki kwenye kunde.

Kama bima tuliweka kifuko cha neti chenye makombe yaliyosagwa ndani ya chujio, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya kuku. Tuliyaosha mpaka maji yakatoka safi. pH ikiwa karibu na 8 makombe yanakaa tu, hayafanyi kitu. pH ikianza kushuka yanaanza kuyeyuka na kurudisha baikaboneti. Hayachukui nafasi ya bekingi soda, ila yanapunguza kasi ya kuanguka iwapo mtu amesafiri na kijana wa nyumbani amesahau kijiko.

Kuna mambo madogo ya mashine yenyewe. Ile ya mzee imeandikwa galoni 75 kwa siku, yaani lita 284, lakini hiyo ni hesabu ya maji mepesi na msukumo mzuri. Kwa maji ya chumvi ya kisima chake anapata lita 7 kwa saa. Lita 43 ni kazi ya muda wa saa sita hivi, kwa hiyo anakinga usiku kwenye pipa lenye mfuniko. Maji ya kwanza baada ya mashine kukaa kimya yanasoma juu kuliko kawaida, kwa sababu chumvi inapenya taratibu utando ukiwa umetulia. Dakika chache za mwanzo anayamwaga. Na maji yanayotupwa, yenye TDS ya kama 2,500, yasiende kwenye bustani ya mchicha. Mzee anayatumia chooni na kuosha baraza, mengine yanaishia kwenye minazi, ambayo haijalalamika.

Wakati wa masika aliniuliza kama anaweza kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati badala ya kuwasha mashine. Anaweza, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe paa. Lakini maji ya mvua nayo hayana KH. Mwenye tangi anayejaza kwa mvua miezi miwili bila kupima anaweza kufika palepale alipofika mzee, bila kuwa na mashine wala fundi wa kulaumu.

Sasa anataka tangi la pili, dogo, la neoni, wale samaki wadogo wa mstari unaong'aa. Hapo mambo yanageuka. Samaki hao asili yao ni maji laini, yaani yenye kalsiamu na magneziamu kidogo, ya bonde la Amazon. Wengi wanaouzwa wamezalishwa kwenye mabwawa na wanavumilia maji magumu kiasi, ila maji ya kisima kile hapana. Kwa tangi hilo RO ndiyo karibu maji yote: lita tisa za mashine kwa moja ya kisima, KH iwe kati ya 1 na 2, hakuna bekingi soda. Akiba ni ndogo, kwa hiyo samaki wawe wachache, chakula kiwe kidogo, robo ya maji ibadilishwe kila wiki bila kuruka, na KH ipimwe kwa matone kabla ya kubadilisha, si baada. Tangi ameshalinunua. Samaki nimemwomba asubiri kwanza bakteria wajijenge kwenye chujio, na kwenye KH ndogo kama ile watachukua muda mrefu kuliko walivyochukua kwenye tangi la mbuna.